Kikao cha Balkoni

Mimi balkoni siipendi. Nianze hapo, ili mtu asije akafikiri nilikuwa naililia. Nimeishi Kiuu, hapa Ruiru, miaka kumi na tisa, fleti ya orofa ya pili, na balkoni ninayoijua mimi ni ile ya kushukiwa na maji ya watu. Jirani wa juu anafulia kwa yake. Anafua nepi, anafua viatu, anasuuza ndoo aliyoosha matumbo, na maji yote hayo hayana njia nyingine isipokuwa kamba yangu ya nguo. Nimewahi kutoka asubuhi nikakuta blausi yangu ya kanisa ina jani la sukuma begani, na kando ya hilo jani kitu kingine ambacho sitakitaja. Nikapanda juu, nikagonga. Akafungua akiwa na mswaki mdomoni, akasema, "Pole mathe, si ni maji tu." Mbele yangu napo kuna fleti nyingine, karibu kiasi kwamba tungeweza kupeana chumvi, na mwenye balkoni ile anafuga kuku. Kuku watano kwa kizimba cha waya, orofa ya pili, Ruiru. Jua likipiga nafunga dirisha na kula nikiwa nimeziba pua.

Kwa hivyo binti yangu aliponiuliza kama tulipie chumba chenye balkoni kwa meli ya kitalii, jibu langu la kwanza lilikuwa, balkoni ya nini?

Huyu binti ni mmoja tu, sina mwingine. Yuko Dubai, mwaka wa sita sasa, anafanya kazi ya usafi kwa jumba refu la watu wenye pesa. Likizo anapewa wiki moja kila baada ya miaka miwili. Kuna mwaka aliitumia kuja nyumbani, na sijui kama ile tuiite likizo. Siku ya pili tu watu walikuwa wamejaa sebuleni mpaka kwa ngazi. Binamu, mke wa binamu, jirani wa mke wa binamu, kila mmoja amebeba shida yake, na mwingine ameleta karatasi ya hospitali ya mwaka uliopita. Msichana alilala kwa kochi kwa sababu vitanda vilikuwa na wageni. Alipoondoka, hata viatu alivyokuja navyo vilikuwa vimeombwa na mtu, akapanda ndege na malapa. Mimi nilikuwa pale pale jikoni nikichemsha chai, sufuria baada ya sufuria, na sikumfukuza hata mmoja.

Safari hii akasema haji. "Mami, wewe ndio uje," akaniambia kwa simu. "Kuna meli zinatoka hapa, zinazunguka baharini siku tano na kurudi. Melini hawafiki." Nilicheka sana. Halafu kicheko kikanishuka, kwa maana hao aliokuwa anawakimbia ni ndugu zangu, wa damu yangu.

Mambo ya viza na tiketi ya ndege nilishughulikia kwa ofisi moja ya safari mjini Thika, juu ya duka la rangi. Msichana wa pale alikuwa na kucha ndefu na subira nyingi. Nilipomweleza habari ya meli, akanifungulia picha za vyumba kwa kompyuta yake ingawa hakuwa ananiuzia. Alianza na chumba cha ndani, kile cha bei ya chini. Vitanda viwili, taa, kioo, na pazia zuri la rangi ya maziwa. Nikafurahi kuona pazia.

"Hilo ni la urembo, mathe," akasema. "Nyuma yake ni ukuta."

Hiyo ilinichukiza. Mtu mzima achukue pazia, alitundike mbele ya ukuta akijua ni ukuta, ili mgeni adanganyike kwamba kuna dirisha. Nikamwuliza, kwani huko ndani mtu anajuaje kumekucha? Akasema unaangalia simu.

Akafungua sasa chumba cha balkoni. Mlango wa kioo, viti viwili, kimeza cha kuwekea kikombe, na mbele ni maji tupu. Nikatafuta kamba ya nguo sikuiona. Nikatafuta mahali pa mtungi na jiko. Nikamwuliza maji ya watu wa juu yanashukia wapi.

"Maji gani?"

"Ya kufua."

"Mathe, huko hakuna mtu anafua."

"Na wakikaanga samaki?"

"Hakuna mtu anapika pia. Balkoni ni ya kukaa. Unatoka, unakaa, basi."

Nilishuka zile ngazi nimeudhika. Kukaa tu, na bei inaruka namna hiyo. Nilinunua nanasi la kukatwa pale chini, nikala nimesimama huku nikipiga hesabu yangu. Safari ni siku tano. Siku nyingine meli imetia nanga na watu wameshuka mjini. Ukitoa saa za kulala, ukitoa za kula, hiyo balkoni unaikalia saa ngapi? Tena mtoto mwenyewe analipa kwa jasho. Nikaona ni upuuzi mtupu, nikamwandikia jioni ile ile kwamba tuchukue cha ndani, pazia la ukuta na liwe.

Asubuhi alinitumia ujumbe wa sauti. Nimeusikiliza mara nyingi hata naweza kuusema wote bila kukosea.

"Mami, nisikize. Hiyo tofauti nalipa mimi, nimeiweka tayari, usiifikirie. Unajua kazi yangu hapa ni balkoni? Si ndani ya nyumba. Balkoni tu, toka asubuhi, moja hadi nyingine. Njiwa wamezichafua, wenyewe wamevuta shisha wakamwaga majivu, mbwa wao wamejisaidia. Mimi nakwangua na kisu cha rangi. Miaka sita, Mami, na sijawahi kukaa kwa moja, hata dakika, kwa sababu ukipatikana umekaa unaandikiwa makosa. Mimi nataka tukae kwa balkoni mimi na wewe, tunywe chai, tukiinuka mtu mwingine aje afagie. Likizo yangu nataka hiyo tu. Si ni sawa?"

Nilikuwa kibandani Gitothua, mahali ninapofumia sweta za shule. Mashine ilikuwa imesimama katikati ya mkono wa sweta. Nikajiona mjinga kabisa. Mimi nilikuwa nafikiria balkoni za Kiuu, na mtoto wangu alikuwa ananiambia kitu kingine. Kwake haikuwa habari ya kuona bahari. Alitaka, mara moja kwa miaka sita, kuwa yule anayefagiliwa. Nikamjibu hapo hapo achukue ya balkoni, na tena asiniulize. Nilikuwa nimeamua, na nilikuwa nimeamua vizuri. Ningezima simu wakati huo, haya mengine yasingekuwako.

Sasa nieleze upumbavu wangu. Kuna mama tunayefuma naye, kibanda chake na changu vinashikana. Aliniona napangusa macho akaniuliza kuna nini, na mimi kwa kujidai nikasema wacha nikutumie usikie mwenyewe vile mtoto wangu anaongea. Miwani ilikuwa nyumbani. Nikabonyeza, ujumbe ukaenda. Nilipoiinua simu mbali na uso ili nisome vizuri, nikaona haukuenda kwa jirani. Ulikuwa umeenda kwa grupu ya familia, watu arobaini na kitu. Nikaufuta haraka, nikarudi kwa mashine nikijua nimejiokoa. Kumbe nilikuwa nimeufuta kwa simu yangu mimi peke yangu. Kwao ulibaki, na wao wakausikiliza.

Haikufika saa moja kaka yangu mkubwa akapiga. Huyu anakaa kijijini kwetu, Gatuanyaga. Alikuwa nyapara wa shamba miaka mingi, akastaafu, lakini unyapara haujamtoka.

"Mwari wa maitu," akasema. Akiniita hivyo, binti wa mama yangu, najua kuna kitu anakitafuta. "Tumesikia mtoto wetu ana pesa ya balkoni."

Nikamwambia hiyo ni pesa ya mwenyewe.

"Hakuna aliyesema si yake," akasema kwa upole. "Lakini jambo kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja kwa simu. Jumamosi tuwe na kikao."

Kwetu hakuna jambo lisilo na kikao. Mtu akizaliwa, akiugua, akifa, akitaka kuuza ng'ombe, viti vya plastiki vinapangwa duara, anapatikana mwenyekiti, anapatikana wa kuandika, na mtu anaomba. Na iko sheria ambayo haijaandikwa popote lakini kila mtu anaijua: aliyekuchangia ana neno kwako. Nauli ya binti yangu ya kwenda Dubai ilichangwa kwa viti hivyo hivyo. Wengine walileta, wengine waliahidi wakanyamaza, lakini majina yote yako kwa daftari, na hata wa kuahidi anamwita "mtoto wetu tuliyempeleka." Ukichangiwa mara moja umechangiwa maisha. Hiyo hasira ninayo siku nyingi, na sijawahi kuisema mbele yao.

Jumamosi nikaenda. Anayetoka upande wa mjini hafiki mikono mitupu, kwa hivyo nilipita Thika nikanunua nyama, mkate, sukari na majani ya chai, nikapakia kwa pikipiki mpaka Gatuanyaga. Nilifika vumbi limenijaa masikioni. Nyama ikachukuliwa kutoka mkononi mwangu kabla sijasalimiwa.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wifi yangu, mke wa kaka, alifungua kwa maombi. Alimwomba Mungu atupe umoja, na amlinde mtoto wetu na roho ya kupenda raha. Nilifungua macho katikati ya maombi nikamtazama. Alikuwa ameyafumba yake vizuri sana.

Halafu kaka yangu akatoa simu. Ili wote wasikie, akaiweka ndani ya sufuria tupu, sauti ikatoka kubwa. Nilikaa kwa kiti cha plastiki nikamsikia mtoto wangu akiongea kwa sufuria, akiwaambia watu hao kuhusu mavi ya njiwa na kisu cha rangi. Alikuwa ananiambia mimi. Alisema "Mami" mara mbili, na watu kumi wakawa wanasikiliza huku wakitafuna nyama ya kwanza kutoka jikoni. Ilipofika pale anaposema anataka mtu mwingine aje afagie, mmoja wa binamu akacheka, akasema, "Huyu sasa amekuwa tajiri." Nyama yangu ilikuwa imenata kwa meno yake.

Kazi ya kwanza ya kikao, kaka yangu akasema, ni kujua balkoni ina faida gani. Akamwachia kila mtu nafasi, mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu. Yule binamu, kwa sababu aliwahi kufika Mombasa, alisema meli yote ni nje, ukitaka upepo unatoka unasimama, haulipiwi. Wifi yangu akasema mtu wa umri wangu akikalia upepo wa bahari siku tano atarudi na nimonia, na hospitali nani ataenda kunitazama? Shangazi mmoja akauliza hiyo balkoni siku tano zikiisha inabaki na nani. Akaambiwa inabaki na mwenye meli. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli kabisa, nafikiri yeye peke yake ndiye alikuwa ameuliza kwa nia njema.

Kaka yangu alikuwa anagonga mfupa kwa ukingo wa kiti ili uboho utoke. Alimaliza kuufyonza, akapangusa kidevu, akasema sasa tutazame upande wa pili. Hapa kwa boma la baba yetu hakuna maji. Wamama wanachota mbali. Hiyo tofauti ya balkoni, peke yake, inaleta tenki. Tenki la familia yote. Akasema hivyo akinyoosha mkono kuonyesha mahali litakaposimama, na pale aliponyoosha palikuwa kando ya mlango wake wa jikoni.

Sikatai, Gatuanyaga ni pakavu na maji ni shida. Ningeombwa mchango wa maji kama maji, ningetoa kidogo changu cha sweta. Lakini haya hayakuwa mambo ya maji. Walikuwa wamesikia mtu wao amechoka, wakaona pesa.

Nilisimama mara moja tu. Nikasema, "Mtoto anachoka."

Kaka yangu hakukasirika hata. Akaniuliza, "Na sisi hatuchoki?" Watu wakaguna kukubali, na mmoja akachokonoa jino kwa njiti ya kiberiti akinitazama. Nikakaa.

Akasema wanaokubali mtoto achukue chumba cha ndani, na tofauti ije kwa maji ya boma, wainue mikono. Mikono kumi ikapanda, mingine bado inang'aa mafuta. Halafu wote wakanigeukia. Nilijua vizuri mahali nilipo. Ningeacha mkono wangu magotini, ningekuwa mwenye kiburi mpaka siku ya kufa, na hao ndio watakaonizika. Sina wengine wa kunibeba. Nikauinua. Haukufika juu, uliishia hapa begani, lakini ulionekana. Aliyekuwa anaandika akaandika kwamba wote wamekubali. Tukafunga kwa maombi, nikanawa mikono mara tatu kwa maji kidogo ya beseni, na harufu ya mafuta haikutoka.

Sasa ilibaki kumwambia mwenyewe. Barabarani nikirudi nilitunga maneno mengi, lakini ukweli haukukubali kukaa mdomoni. Ningemwambiaje kwamba ule ujumbe ulichezwa kwa sufuria? Ningemwambiaje kwamba niliinua mkono? Nilipofika Kiuu nikampigia, nikamwambia nimefikiria tena, mimi naogopa maji. Nikasema nikikaa kwa balkoni nikiona bahari chini yangu nitapata kizunguzungu, pengine hata nianguke, heri tukae ndani. Nikaongeza, kama jambo lililonijia tu hapo, kwamba anko wake ana shida ya maji na hiyo tofauti ingemfaa.

Nilisikia watu wanaongea nyuma yake, mlango ukifungwa.

"Sikujua unaogopa, Mami," akasema. "Pole. Basi tukae ndani, hakuna shida."

Pole, yeye ananiambia mimi. Nilikata simu nikaenda kunawa mikono tena.

Pesa aliituma wiki ile ile. Tenki likanunuliwa, na picha yake ikawekwa kwa grupu, jeusi, kubwa, kaka yangu amesimama kando yake na kofia. Watu wakaandika amina. Mwezi uliofuata nilipita pale kupeleka sweta za wajukuu wake. Tenki lilikuwa limelala ubavu kando ya jikoni, vile vile lilivyoshushwa, kwa sababu mabati hayakuwa na mifereji, na mifereji, nikaambiwa, itahitaji kikao. Niliinama nikachungulia ndani. Kuku walikuwa wamefanya makao. Kulikuwa na mayai mawili, na kinyesi kimekauka mpaka kwenye kuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa balkoni ya mtoto wangu. Nikatema mate, na wifi yangu akadhani ni vumbi, akaniletea maji ya kunywa.

Nilienda. Karatasi zilikuwa tayari na nisingemwacha peke yake. Alinipokea akiwa na gauni jipya la manjano, amekonda, kucha zimeliwa na dawa za kusafishia mpaka nyama inaonekana. Alinishika uso kwa mikono hiyo, akanitazama muda mrefu. Alikuwa na furaha. Hilo nisilifiche, siku ya kwanza alikuwa na furaha kama mtoto aliyefunga shule.

Chumba chetu kilikuwa katikati ya meli, mwisho wa korido ndefu. Kilinuka zulia na dawa ya choo, na mashine zilinguruma chini ya kitanda bila kupumzika. Kabla sijamkumbusha, alienda moja kwa moja kwa pazia akalivuta, akakuta ukuta. Akacheka kidogo, akalirudisha polepole, akalinyoosha mikunjo. Tulipotoka kwenda kula alinishika mkono kila mahali palipokuwa na ukingo, akisimama upande wa bahari ili mimi nisiione. Nilitembea nimeshikwa hivyo, mimi niliyevuka mto Chania umejaa nikiwa na mtoto huyo huyo mgongoni. Kila mara aliponiuliza kama niko sawa nilijichukia upya.

Siku ya pili nikamwambia twende juu tukae kwa upepo, kizunguzungu kimepungua. Nilitaka apate walau hicho. Lakini huko juu viti vilikuwa vimetekwa mapema. Mtu anakuja asubuhi, anatupa taulo kwa viti vinne, anaenda zake kulala, na hakuna wa kumwuliza. Tulizunguka na vikombe vyetu vya chai mpaka tukapata viwili vilivyoachwa, karibu na mlango wanaopitia wahudumu na vyombo vichafu. Kulinuka mafuta ya kukaanga na mafuta ya kujipaka ya wazungu, vyote pamoja. Hata hivyo alikaa. Aliegemea, akanyoosha miguu, akafumba macho, na nikaona uso wake unalegea taratibu, hata lile kunjo la katikati ya nyusi likaanza kutoweka. Sikutaka hata kuinua kikombe changu.

Mwanamume mmoja akatoka kwenye bwawa la kuogelea, tumbo mbele, maji yakimchuruzika. Alikuwa na sahani mkononi. Kwenye sahani kulikuwa na mifupa ya kuku iliyotafunwa, tishu aliyopengea, na sigara iliyozimwa ndani ya mchuzi. Hakututazama. Alikuwa amegeukia upande mwingine akiongea na mwenzake, na mkono wenye sahani akaunyoosha upande wetu.

Binti yangu alikuwa amesimama kabla sijaelewa. Aliipokea sahani kwa mikono miwili. Akamwambia asante kwa Kiingereza, akamwita bwana. Mtu yule akaendelea na safari yake bila kugeuka, na mtoto wangu akaibeba ile sahani mpaka kwa mlango wa wahudumu na gauni lake la manjano. Mhudumu aliyekuwa pale aliitazama kadi ya chumba iliyokuwa shingoni mwake, akashtuka, akampokonya sahani, akaanza kumwomba msamaha. Yeye ndiye akawa anamtuliza mhudumu.

Akarudi akipangusa vidole kwa gauni. "Ni mazoea tu, Mami," akasema. "Mkono umeenda wenyewe." Alikuwa anatabasamu.

Nilitaka kumfuata yule mtu nimtapikie miguuni. Nilitaka kumwambia binti yangu kila kitu, kikao, sufuria, mkono wangu uliofika begani, na kwamba maji sijawahi kuyaogopa hata siku moja. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama chai yake imepoa.

Hakuketi tena. Alisimama nyuma ya kiti chake, akiangalia kila anayepita na kitu mkononi, akisogea kidogo kuwapisha. Baadaye akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitaona vibaya tukikaa tu chumbani mpaka meli irudi. Zilikuwa zimebaki siku tatu za safari. Nikamwambia sitaona vibaya, tukashuka.